Shajara ya mradi: kupoza valvu mbili za 3-500Z kwenye linia ya HF (masafa mafupi), Arusha

9 Machi 2024 – hali ilivyo

Naiandika hii kwa ajili ya wenzetu wa redio za ridhaa walioko huku kwetu ambao wana linia za zamani (vikuza nguvu vya redio vinavyotumia valvu, zile taa za glasi) kutoka Marekani au wanataka kujenga ya kwao, maana vitabu vingi vya kupoza valvu vinamzungumzia mtu aliyeko usawa wa bahari na umeme wa hertz 60, sisi hatuko huko. Nitaandika sehemu ya upepo tu, mambo ya koili na gridi nayaacha.

Linia ni ya kutengenezwa kwa mkono, 3-500Z mbili, gridi imeenda ardhini, anodi (bati la ndani ya valvu) inakula volti kama 2,700. Nimeipata ya mtumba ikiwa na transfoma yake. Kinachopuliza ni feni moja ya sahani (ile bapa yenye mapanga) ya milimita 120, volti 115, inalishwa na tepu ya kwenye transfoma, imefungwa ubavuni chini ya chesisi inasukuma hewa ndani, hewa inatakiwa ipande kupitia soketi iguse miguu ya valvu alafu ipite pembeni ya glasi itokee juu. Kwenye karatasi ni sawa kabisa.

Tatizo lililonileta hapa: valvu ya kulia ilikuwa inawaka vizuri ikiwa baridi, ukirusha dakika kumi hivi filamenti inapepesa kisha inazima, ukiacha ipoe inarudi. Nimeichomoa nikaigeuza, pini moja ya filamenti imetoa lehemu. Iko pale kwenye ncha, tone dogo lililoganda limeegemea upande mmoja, na ukichungulia ndani ya pini unaona waya umesimama peke yake hauna kitu kinachoushika. Lehemu ya kawaida inaanza kulainika nyuzi 183, kwa hiyo huo mguu umefika huko, hamna ubishi. Mtengenezaji, Eimac, anasema sili za miguu (pale chuma kinapopita kwenye glasi) zisizidi nyuzi 200 na ile ya anodi juu isizidi 225. Yani tulikuwa mlangoni.

Na hapa niseme kitu ambacho watu wengi wanakikosea. Wakiona anodi imekuwa nyekundu wanashtuka wanaongeza feni juu ya glasi. Kwa 3-500Z anodi kuiva siyo ugonjwa, imetengenezwa itoe joto kwa kung'aa, na zile za anodi ya chuma zimepakwa zirkoniamu ambayo inanyonya gesi zilizobaki ndani ya valvu pale tu inapokuwa ya moto. Kinachokufa ni miguu. Filamenti moja inakula volti 5 kwa ampea 14.6, hiyo ni wati 73, valvu mbili wati 146, na joto hilo lipo muda wote linia ikiwa imewashwa hata kama hujagusa maikrofoni, na sehemu yake inashuka chini kwenye pini. Mimi narusha sana FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali kupitia kompyuta) kwenye megahertz 14.074, nikitoa wati 400 linia inakula kama 700, zinazopotea 300, ila FT8 inarusha sekunde 12.64 katika kila sekunde 30, wastani unakuja wati 126. Angalia sasa: filamenti 146, anodi 126. Moto wa filamenti unazidi wa anodi, na sehemu yake inashuka miguuni, ndo sehemu ambayo hakuna anayeiangalia.

Pini nimeisafisha, nimelehemu upya kwa lehemu ya bati na fedha ile inayoyeyuka 221, pasi ya wati 100 na flaksi, ukitumia pasi ndogo utakaa hapo mpaka glasi iumie. Lehemu ilinigharimu shilingi 18,000 kwa kipande kifupi.

16 Machi – kupima kabla ya kununua chochote

Feni imeandikwa CFM 105 (futi za ujazo kwa dakika), sawa na mita za ujazo 178 kwa saa. Hiyo namba inapimwa feni ikiwa wazi mezani hakuna kinachoizuia. Ukiifunga kwenye sanduku lenye matundu madogo ni habari nyingine.

Pia kuna mambo mawili ya huku kwetu. La kwanza hertz 50: mota ya aina hii inafuata hertz, kwa hiyo inazunguka tano ya sita ya spidi yake, upepo unabaki 0.83 na mgandamizo unabaki 0.69 kwa sababu wenyewe unaenda kwa mraba wa spidi. La pili mwinuko: Arusha tuko kama mita 1,400, hewa ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko pwani, na kinachobeba joto ni uzito wa hewa siyo ujazo wake. Zidisha 0.83 kwa 0.85 unapata 0.71. Karibu asilimia 30 ya upoozaji imeshapotea kabla hata hujafunga feni, na hakuna kitu kimeharibika.

Namna ya kupima upepo halisi. Nimechomoa valvu zote mbili, nimeondoa fyuzi ya volti kubwa na kushusha kapasita kwa fimbo ya ardhi (usiruke hii, hizo volti hazimpi mtu nafasi ya pili), kisha nikaweka balbu mbili za wati 100 za zamani, zile za filamenti, moja juu ya kila soketi kwenye holda ya kauri. Sasa nina wati 200 ninazozijua. Unawasha feni, unasubiri joto litulie, unapima hewa inayoingia na hewa inayotoka juu. Kwa usawa wa bahari hesabu ni nyuzi zilizopanda = 3 × wati ÷ mita za ujazo kwa saa, kwa hapa Arusha natumia 3.5 badala ya 3. Kuna joto kidogo linatokea kwenye bati lenyewe bila kupita kwenye hewa ya juu kwa hiyo jibu linakuja kubwa kidogo kuliko ukweli, ila kwa kulinganisha feni na feni linatosha kabisa.

Jibu: hewa ilipanda nyuzi 31. Hiyo ni kama mita za ujazo 22 kwa saa. Kwa valvu mbili! Kutoka kwenye feni iliyoandikwa 178.

Nimetengeneza pia kipima mgandamizo, mpira mweupe wa mafundi ujenzi ule wa kupimia levo, maji yenye rangi ya chakula ndani, ncha moja iko kwenye tundu chini ya chesisi na nyingine iko wazi. Mgandamizo ni mdogo sana huwezi kusoma ukiwa umesimama wima, kwa hiyo upande mmoja nimeulaza kwenye ubao kwa mwinuko wa 1 kwa 5, milimita moja ya maji inaonekana kama tano. Imesoma milimita 1 kasoro. Gharama ya kila kitu 4,500, na kwenye mradi huu wote hakuna kifaa kilichonisaidia kuliko hiki.

Tahadhari kuhusu kile kipimajoto cha bastola cha infraredi: kwenye glasi kinasoma glasi, hakioni ndani, na kwenye pini inayong'aa kinadanganya vibaya sana. Natumia themokapo (waya wa kupimia joto) aina ya K iliyofungwa kwa waya mwembamba kwenye pini ya filamenti, na nasoma nikiwa nimeacha kurusha. Kwenye kofia ya anodi usifunge waya wowote wa kipimo, ile ni volti 2,700.

Valvu zimerudi, filamenti tu, nusu saa: pini nyuzi 152. Baada ya saa moja ya FT8: 191.

30 Machi – kuziba matundu

Hii kazi haina mvuto ila ndo iliyoleta faida ya kwanza. Chumba cha chini kilikuwa na matundu ya nyaya, matundu ya skrubu zilizopotea, na mlango wa chini haukai vizuri. Nimepuliza moshi wa udi ndani kwa feni yenyewe nikafuata unapotokea. Ulikuwa unatoka kila mahali isipokuwa kwenye soketi. Silikoni ya joto kwenye nyaya, gasketi ya sponji kwenye mlango, bati dogo la aluminiamu kufunika sehemu ya swichi. 12,000.

Balbu: nyuzi 22, sawa na mita 32 kwa saa. Mgandamizo umepanda mpaka milimita 2.

Alafu nikajaribu feni mbili za sahani moja nyuma ya nyingine kwa kuwa ya pili nilikuwa nayo bure. Nyuzi 19, mita kama 37, na kelele ikawa ya kukera chumba kizima. Feni ya sahani ni nzuri kusukuma hewa nyingi mahali pasipo na kizuizi, ukiibana inakata tamaa. Tumeachana nayo.

20 Aprili – chimni za kioo

Hewa ikishapita kwenye soketi lazima ibanwe karibu na glasi ipande mpaka kwenye sili ya juu, bila hivo inatawanyika ndani ya boksi. Eimac walikuwa na chimni ya kioo SK-406 na soketi yake ya upepo SK-410, ukizipata kwa bei nzuri chukua, mimi bei niliyoambiwa pamoja na usafiri ilikuwa inazidi bei ya valvu.

Jaribio la kwanza: chupa pana za jamu zilizokatwa kitako. Zimekatika vizuri, zimekaa vizuri, na ya kushoto ikapasuka siku hiyohiyo ikiwa kwenye nusu saa ya kurusha, ufa umeanzia kwenye ukingo uliokatwa ukapanda mpaka juu. Kioo cha kawaida hakivumilii upande mmoja kuwa wa moto na mwingine upepo wa baridi. Bahati hakuna kipande kilichogusa anodi. Asijaribu mtu.

Jaribio la pili ndo lililobaki: bika za maabara za lita moja, kioo cha borosilikati, kipenyo cha nje kama milimita 105. Valvu ina karibu milimita 88 sehemu yake pana, kwa hiyo kuzunguka inabaki nafasi kama ya milimita 6 au 7, inatosha. Kitako nimekatiwa na fundi wa marumaru kwa diski ya almasi na maji mengi, taratibu, akazungusha bika badala ya kuzungusha mashine. Ukingo nimeusugua kwa msasa wa maji mpaka ukawa laini mkononi, maana ufa unaanzia kwenye mikwaruzo. Bika 28,000 kila moja, nilinunua tatu kwa kuwa moja lazima ikufie, na kweli moja imekufa kwenye kukata. Fundi 10,000.

Soketi nimezishusha. Zilikuwa zimekaa sawasawa na bati la juu na tundu la katikati peke yake halitoshi, sasa ziko kwenye spesa za milimita 12 chini ya bati, hewa inapita katikati na pia kuzunguka soketi yote, inapiga pini kwanza kabla ya kwenda popote. Kama unafanya kitu kimoja tu kutoka kwenye andiko hili basi fanya hicho.

11 Mei – blowa

Sasa ni wazi inatakiwa blowa ya konokono, ile yenye gurudumu la mapezi, yenyewe haiogopi mgandamizo.

Ya kwanza niliyojaribu ni ya AC ya gari, volti 12, mtumba, 35,000. Upepo wake ni balaa, nilipoishusha kwenye volti 8 ili kelele ipungue bado balbu zilipanda nyuzi 8 tu, hiyo ni kama mita 87 kwa saa. Nikafurahi mpaka nilipofungua redio. Mota yake ni ya brashi, cheche zake zinaingia kwenye mapokezi, bendi ya mita 40 ilijaa mkwaruzo wa S6 (kipimo cha nguvu ya mapokezi kwenye redio) mwanzo mpaka mwisho, stesheni za mbali zote zimezama. Nimeweka kapasita za nanofaradi 100 kwenye brashi kwenda kwenye bodi ya mota, nimezungusha nyaya kwenye feraiti, nikafunga boksi la bati. Ikashuka S3. Kwa mtu anayetaka kusikia wati tano za mwenzake aliyeko kisiwani huko, S3 ya kujitengenezea mwenyewe haikubaliki. Imetoka.

Ya pili ni blowa ya volti 230 hertz 50, mota ya induksheni isiyo na brashi, kutoka duka la vipuri vya friji na AC, 95,000. Haina cheche, nyaya zake zinaenda moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na imepigwa chapa kwa hertz zetu kwa hiyo ile hasara ya 0.83 haipo tena, iliyobaki ni ya mwinuko peke yake. Ilikuja na mtikisiko, ukiifunga kwenye chesisi bati lote linaimba. Nimeitoa nje, iko sentimita 40 nyuma ya meza juu ya vipande vya raba ya tairi, inaunganishwa kwa bomba la kunyumbulika la milimita 75 linalotumika kwenye mashine za kukaushia nguo. Kelele imekuwa ya kawaida, naweza kuongea kwa maikrofoni bila watu kuuliza kama nipo kiwandani.

Namba: balbu nyuzi 9.5, sawa na mita kama 74 kwa saa. Mgandamizo milimita 6. Pini, filamenti tu nusu saa: nyuzi 94. Saa moja ya FT8 kwa wati 400: pini 117, hewa ya juu imepanda nyuzi 14 juu ya ya chumba. Kutoka 191 mpaka 117. Hesabu ilisema hewa ingepanda nyuzi 13, kwa hiyo vipimo vinakubaliana na nimeridhika navyo.

Kofia za anodi za zamani zilikuwa vibanio vya bati tupu. Fundi wa leti amenichongea mbili za aluminiamu zenye mapezi, kwa mfano wa ile HR-6 ya Eimac, 15,000 zote. Waya wa kwenda kwenye kofia uwe mkanda laini, ukiwa mgumu unavuta sili kila valvu inapopanuka.

1 Juni – upepo ukikosekana

Mambo mawili yalinisumbua. Blowa ikigoma, na umeme ukikatika.

La kwanza: swichi ndogo yenye bawa la aluminiamu ndani ya bomba, upepo ukiwepo bawa linasukumwa, rilei inaruhusu filamenti iwake. Hakuna upepo, hakuna filamenti. Bawa la kwanza lilikuwa linapepea, rilei ikawa inagonga tatata, kila inapogonga ni ampea 29 zinawashwa na kuzimwa, kibaya sana kwa filamenti. Nimelifanya bawa kubwa zaidi na nimeweka kapasita ya maikrofaradi 2,200 kwenye koili ya rilei, inashikilia kama sekunde moja, imetulia. Ukizima linia kwa swichi, taimer inaiacha blowa izunguke dakika tatu zaidi. Rilei na taimer 32,000.

La umeme kukatika ni gumu zaidi. Valvu iko ya moto, blowa imesimama, joto la ndani linashuka kwenye pini na hakuna wa kuliondoa. Niliipima kwa kukata swichi kuu makusudi baada ya FT8 ndefu: pini zilitoka 117 zikapanda mpaka 148 ndani ya dakika chache ndo zikaanza kushuka. Siyo 183, lakini kwenye chumba cha joto na baada ya kurusha kwa nguvu zaidi sitaki kujua zinafika ngapi.

Kwa hiyo kuna feni ndogo ya sahani ya volti 12 isiyo na brashi, inalishwa na betri ileile ya redio, rilei ya volti 230 ikiachia tu inawaka. Imefungwa kwenye tundu lake ukutani mwa chumba cha chini. Shida ikawa blowa kubwa ikifanya kazi hewa inarudi kinyume kupitia kwenye hiyo feni, mgandamizo ukashuka kutoka 6 mpaka 3.5. Dawa yake ni kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa upande wa juu tu, kwa ndani: upepo wa blowa unakibana kwenye tundu, feni ndogo ikiwaka inakisukuma kinafunguka. Mgandamizo umerudi 5.8. Kwa kukata umeme tena pini zilipanda 117 mpaka 124 tu zikageuka. Feni 9,000, tyubu bure.

24 Agosti – vumbi

Kiangazi kimekolea na vumbi la huku mnalijua. Kwenye mdomo wa blowa kuna sponji ya kichujio, na nimeona mpira wa maji umeshuka taratibu, 5.8, 5, wiki hii 4. Pini baada ya FT8 zimefika 131. Nimeosha sponji kwa sabuni, nikaikausha juani, mgandamizo ukarudi 5.7. Mpira nimeufunga ukutani moja kwa moja na nimeweka alama nyekundu kwenye 4.5, ikishuka hapo naosha. Msikae bila kichujio, nilipofungua linia mjusi mdogo alikuwa ameshaingia kwenye bomba kabla sijaweka wavu, na mjusi kwenye volti 2,700 ni fyuzi na harufu.

Pesa iliyotumika kwenye upepo, pamoja na vitu vilivyoshindwa: lehemu 18,000, mpira na rangi 4,500, kuziba 12,000, bika tatu 84,000, kukata 10,000, blowa ya gari 35,000, blowa iliyobaki 95,000, bomba na raba 22,000, kofia 15,000, rilei na taimer 32,000, feni ya betri 9,000. Inakuja 336,500. Ukiondoa blowa ya gari ni 301,500.

Kwa walioko Dar, Tanga, Mombasa au Unguja: hewa yenu ni nzito, tumieni 3 kwenye hesabu badala ya 3.5, blowa ya ukubwa mmoja chini ya hii yangu itawatosha, ila hewa inayoingia kwenu mwezi wa Februari inaanza na nyuzi 33 siyo 22 kama huku, kwa hiyo pimeni pini siyo hewa. Na chumvi ya bahari inakula mapezi ya chuma, tafuteni blowa ya gurudumu la plastiki au aluminiamu. Aliyeko Nairobi yuko juu zaidi yangu, kama mita 1,700, aweke 3.65.

Kinachofuata ni kupandisha wati kidogo ndani ya leseni na kurudia vipimo vya pini kwa RTTY (maandishi kwa redio) ambayo hairuhusu valvu kupumua katikati ya ujumbe. Nikimaliza naongeza tarehe hapa chini.